Jina lililong'olewa jino: shajara ya mradi wa majina

Jumatatu, 5 Mei 2025

Kazi imeanza leo, chumba cha juu cha ofisi ya chama chetu cha akiba hapa Kongowea, Mombasa, mvua ikipiga mabati hata ukipigiwa simu husikii. Mradi nimeelezwa kwa maneno machache: majina ya wanachama yasafiri salama kutoka mtambo mmoja hadi mwingine. Mitambo ni mitatu. Kuna ukurasa wa makarani, ulioandikwa kwa lugha ya programu iitwayo JavaScript, ambako mwanachama husajiliwa. Kuna seva ya daftari, iliyoandikwa kwa lugha nyingine, Python, yenye hifadhidata. Halafu kuna kampuni inayotupelekea ujumbe mfupi kwenye simu za watu. Jina likitoka kwa karani hadi kumfikia mwenyewe hupita milango minne au mitano, na kila mlango una alama zake unazoziogopa.

Aliyeuleta mradi huu ni mama mmoja muuza nazi. Jina la babake ni Mwang'ombe, la Kitaita, na ndivyo lilivyo kwenye kitambulisho. Kadi ya chama inasema Mwangombe. Alipokwenda kuomba mkopo kwa washirika wetu aliambiwa hao ni watu wawili, arudi na barua. Amerudi mara tatu. Leo nimemkuta ameketi ngazini, kikapu magotini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiwe wa kompyuta?"

"Ndimi."

"Basi jina langu wameling'oa jino. Lirudisheni."

Maneno hayo nimeyaandika juu ya ukurasa wa kwanza wa daftari langu. Siku ambayo mama huyu atasoma jina lake kwenye simu yake likiwa zima, mradi utakuwa umefika. Na hilo neno alilolitumia lenyewe lina ritifaa, ile alama ya ' baada ya ng: ng'oa ni kukitoa kitu na mzizi wake, ngoa ni wivu na tamaa. Katika Kiswahili alama hiyo ni sehemu ya sauti. Anayeifuta amebadilisha neno.

Jumanne, 6 Mei

Nimeshinda ndani ya data. Nilidhani natafuta alama moja, nimekuta tatu. Ya kwanza ni ritifaa iliyonyooka, ile ya ASCII, orodha ya zamani ya alama za kompyuta, tangu miaka ya 1960. Yunikodi, orodha inayozipa namba herufi za lugha zote, inaiita U+0027, nayo inakaa kwenye baiti moja: 27 (baiti naziandika kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita). Ya pili ni iliyopinda, U+2019, inayochukua baiti tatu katika UTF-8, njia ya kuziandika namba hizo kwa baiti: E2 80 99. Hii huletwa na simu na programu za kuandikia barua, zinazoipinda ile iliyonyooka bila kumuuliza mwandishi. Ya tatu ni U+02BC, baiti mbili, CA BC. Kwa macho ya karani zote ni kitu kimoja. Kwa mashine, Ng'ang'a aliyesajiliwa kwa simu na Ng'ang'a aliyesajiliwa ofisini ni watu mbalimbali, na mmoja akilipa mchango, mwingine anadaiwa.

Pana na uchafu wa aina yake: majina yaliyoandikwa Ngâ€™angâ€™a. Huo si uharibifu wa bahati mbaya, una sababu yake kamili. Mtu alihifadhi orodha kwa UTF-8, mwingine akaifungua kwenye lahajedwali iliyodhani ni Windows-1252, mpango mwingine wa kuandika herufi. Humo E2 ni â, 80 ni €, na 99 ni ™. Baiti ni zilezile, msomaji ndiye aliyekosea lugha. Jambo zuri ni kwamba uchafu wa namna hii hurudi nyuma ukasafishika, maana hakuna kilichopotea. Nimeandika programu fupi ya kuurudisha, na imefanya kazi mara ya kwanza.

Ndipo nikakumbuka kwa nini naipenda UTF-8. Ken Thompson na Rob Pike waliibuni Septemba 1992, jioni moja, wakiwa mkahawani New Jersey, wakachora kwenye karatasi ya kutandikia sahani. Maandishi yote ya ASCII yalibaki kama yalivyo, na herufi yoyote nje ya ASCII hutumia baiti za kuanzia 80 kwenda juu tu. Kwa hiyo ndani ya herufi ya Kiarabu au ya Kichina hutakuta baiti inayoweza kudhaniwa kuwa mkwaju, nukuu au alama ya asilimia. Hekima hiyo ndiyo inayofanya mradi wangu uwezekane.

Uamuzi: ndani ya hifadhidata tutakaa na iliyonyooka, U+0027. Nimelifikiria sana. Wanaisimu wangependa U+02BC, maana hiyo huhesabiwa kuwa herufi. Lakini karani wa Kongowea haioni kwenye kibodi yake, na ujumbe mfupi una shida nayo, kama nitakavyoonyesha nikiufikia.

Alhamisi, 8 Mei

Nimempata aliyeng'oa jino. Ni mstari mmoja kwenye seva, mlangoni kabisa, unaofuta kila ritifaa, kila nukuu na kila alama ya &, na juu yake pameandikwa: usalama.

Hofu ya aliyeuandika ilikuwa ya haki. Katika SQL, lugha ya kuiamuru hifadhidata, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga maandishi. Ukiliunga jina Ng'ang'a ndani ya amri, hifadhidata huona maandishi yameisha kwenye Ng, na ang inayofuata inaichukua kuwa ni amri. Mtu mbaya anaweza kutumia mwanya huo kuiba au kufuta daftari zima. Lakini dawa haikuwa kumkata mwenye jina. Dawa ni kuipa hifadhidata amri mbali na jina mbali: amri inakwenda na nafasi tupu, jina linafuata peke yake kama thamani, wala haligeuki kuwa amri hata liwe na ritifaa mia. Njia hiyo ilikuwapo kwenye lugha hiyohiyo aliyoitumia, haikuhitaji kununuliwa.

Nimeuondoa mstari. Nimeandika upya sehemu zote zilizokuwa zikiunga majina kwenye amri.

Hapa nasema wazi linaloniuma. Uchafu wa juzi ulirudishika. Huu haurudishiki. Ritifaa ikishafutwa, mashine haina njia ya kujua ilikuwako. Ngala haina ritifaa, Mwangi haina, Mwang'ombe inayo, Ng'etich inayo. Ukimpa kompyuta neno lenye "ng" haiwezi kukuambia kama ni ng ya ngoma au ng' ya ng'ombe. Itabidi kumuuliza kila mtu, mmoja mmoja. Mstari mmoja wa programu umetuachia kazi ya midomo na masikio.

Njiani nimeyapata mengine mawili. Stakabadhi zilikuwa zikitoka na jina Ng'Ang'A, kwa sababu amri ya Python ya kukuza herufi za mwanzo, title(), huhesabu kila herufi baada ya ritifaa kuwa ni mwanzo wa neno jipya. Nimeitoa. Watu waandikwe kama walivyojiandikisha. Na kwenye jedwali la zamani kulikuwa na Ng&#39;ang&#39;a, maana mtu alilivika jina vazi la ukurasa wa wavuti, unaoiandika ritifaa kwa namba, kabla ya kulihifadhi, nalo likatoka hivyohivyo kwenye karatasi. Vazi la wavuti livaliwe kwenye mlango wa wavuti. Ghalani jina likae tupu.

Ijumaa, 9 Mei

Umeme umekatika tangu saa tatu. Nimeandika kwa kalamu orodha ya milango na kile ambacho kila mmoja unakiogopa. Nimeondoka mapema.

Jumatatu, 12 Mei

Siku ndefu kuliko zote, na ndiyo iliyonifunza zaidi.

Baada ya kuruhusu ritifaa, makarani walianza kulalamika: mwanachama mwenye jina la kawaida anasajiliwa, mwenye ng' anakataliwa, "muhuri si sahihi". Muhuri ni hivi. Ukurasa wa karani ukituma ombi, huyachukua maandishi yote ya ombi, huyapigia hesabu ya siri iitwayo HMAC, na kuambatanisha jibu. Seva hurudia hesabu hiyo upande wake. Majibu yakilingana, ombi limetoka kwetu na halikuguswa njiani. Hata baiti moja ikitofautiana, jibu linakuwa jingine kabisa.

Basi nikachapisha yale yanayopigiwa muhuri kila upande, nikayaweka sambamba kwenye kioo:

jina=Ng'ang'a
jina=Ng%27ang%27a

Jina, linapopita kwenye anwani ya wavuti, hufungwa kwa alama ya asilimia na namba ya baiti. Nafasi huwa %20, alama ya & huwa %26, na ritifaa huwa %27. Upande wa Python ulikuwa ukiifunga ritifaa. Upande wa JavaScript ulikuwa ukiiacha wazi. Nilidhani nimekosea kuita. Sikukosea. Ile amri ya JavaScript ya kufunga, encodeURIComponent, haiifungi ritifaa, wala alama ya mshangao, wala nyota, wala mabano. Ndivyo ilivyoandikiwa.

Sababu yake ni ya kihistoria. Kanuni za anwani za mwaka 1998, RFC 2396, ziliihesabu ritifaa miongoni mwa alama zisizo na madhara, na amri hiyo ya JavaScript ikajengwa juu ya kanuni hizo. Mwaka 2005 zikaja kanuni mpya, RFC 3986, zilizoandikwa na Tim Berners-Lee, Roy Fielding na Larry Masinter, nazo zikaihamishia ritifaa kwenye kundi la alama zilizotengwa. Zilizobaki huru ni herufi, tarakimu, kistari, nukta, mstari wa chini na kiwimbi. Python inafuata mpya, JavaScript haikuweza kubadilika bila kuvunja kurasa zilizokwisha andikwa. Kila mmoja ana haki yake, na katikati yao amekwama Mwang'ombe.

Nimetibu kwa namna mbili. Upande wa karani nimeongeza mstari unaozifunga zile alama tano zilizobaki. Lakini tiba ya kweli iko kwenye seva: ilikuwa inafungua ombi, kisha inalifunga tena upya, halafu ndipo inahesabu muhuri. Sasa inahesabu juu ya baiti zilezile zilizopokewa, kabla ya kugusa chochote. Bahasha hukaguliwa lakiri kabla ya kufunguliwa. Ukiifungua ukaitia kwenye bahasha yako, lakiri unayoikagua ni ya kwako.

Nimetoka saa mbili usiku. Daraja la Nyali lilikuwa limejaa magari, nami sikujali.

Alhamisi, 15 Mei

Leo nimekuta %2527. Ukiona 25 imejipenyeza baada ya asilimia, ujue jina limefungwa mara mbili: mara ya kwanza ritifaa ikawa %27, mara ya pili ile alama ya asilimia nayo ikafungwa, ikawa %25. Upande wa pili ukifungua mara moja tu, mtu anaitwa Ng%27ang%27a. Kishawishi ni kufungua mara mbili, na karani mmoja alishanishauri hivyo. Nimekataa. Siku atakapokuja mtu mwenye alama ya asilimia halisi kwenye jina la duka lake, kufungua mara mbili kutaliharibu. Nimemtafuta aliyefunga mara ya pili, nikamkuta ni maktaba ya programu ya kutuma maombi ambayo hufunga yenyewe bila kuambiwa, nasi tulikuwa tumeshafunga. Nimeondoa kufunga kwetu pale.

Jumanne, 20 Mei

Ujumbe mfupi. Katibu alinionyesha bili na kuniuliza mbona baadhi ya jumbe hulipiwa mara mbili. Huu ndio ujumbe wenyewe:

"Ndugu Ng'ang'a, mchango wako wa mwezi wa Mei umepokelewa. Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, Kongowea. Asante."

Alama 112 ukihesabu na nafasi. Ujumbe mmoja wa simu una baiti 140, yaani biti 1120. Alfabeti ya kawaida ya GSM, mfumo wa simu za mkononi, hutumia biti saba kwa kila alama, kwa hiyo zinaingia 160. Ritifaa iliyonyooka imo ndani ya alfabeti hiyo. Iliyopinda haimo, wala ile ya tatu. Na ikiingia hata moja tu, ujumbe mzima huhamia mfumo wa UCS-2, ambamo kila alama inakula biti 16, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe wa alama 112 hapo lazima ukatwe vipande viwili vya hadi 67, na chama kinalipa viwili. Ritifaa moja iliyopindwa na programu ya barua ya katibu, na gharama imekuwa maradufu kwa wanachama wote waliopokea ule ujumbe.

Katibu alikuwa tayari kuniambia, "Basi bwana, ziondoe hizo ritifaa, zatugharimu." Nilimwomba aniachie siku moja. Kwenye mlango wa ujumbe mfupi nimeweka kibadilishaji: U+2019 na U+02BC zote zinakuwa U+0027, na nukuu zilizopinda zinanyooshwa. Kabla ya kutuma, ukurasa unamwonyesha katibu alama ngapi na vipande vingapi. Alipoona "112, kipande 1" na ritifaa zote mbili zimo, alinyamaza, akavuta kiti akaanza kuandika jumbe za mwezi ujao palepale.

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda Kibokoni kwa maalim aliyehifadhi daftari la kwanza la chama. Wazee walioanzisha waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na chama kinataka majina yao yabaki kama walivyoyaandika kwa mikono yao. Maalim alinifunulia kurasa taratibu, akinionyesha پ ya p, چ ya ch, na ڤ ya v, yenye nukta tatu juu. Sauti hizo Kiarabu hakina herufi zake, na waandishi wa pwani walizitafutia.

"Mashine yako yazijua hizi, ami?"

"Yazijua, maalim. Zina namba zake."

Na kweli zinazo: U+067E, U+0686, U+06A4. Kila moja baiti mbili. Hapo ndipo nilipogundua shimo jingine. Hifadhidata yetu ilipima safu ya jina kwa baiti ishirini. Jina la Kilatini linapata herufi ishirini, la Kiarabu linapata kumi, na likikatwa katikati ya herufi hubaki nusu yake, ambayo kioo huionyesha kama alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi. Sasa safu inapima kwa herufi, na nafasi nimeipanua.

Picha za kurasa tumezipiga kwa simu. Kuzipeleka seva ndani ya JSON, umbo la kupelekeana data kati ya mitambo, kunahitaji Base64, maana JSON ni maandishi matupu na picha ni baiti za kila namna. Base64 huchukua baiti tatu na kuzigawa kuwa alama nne kati ya 64 zisizodhuru: herufi kubwa na ndogo, tarakimu, + na /. Tatu zinakuwa nne, kwa hiyo picha ya megabaiti 3 inasafiri ikiwa 4. Ilianza kuenea kupitia barua pepe mwaka 1992, zama ambazo njia nyingi za barua zilipitisha biti saba tu kwa wakati. Tahadhari mbili nimeziandika ukutani kwa makarani. Ya kwanza: Base64 si siri. Neno ng'ombe ndani yake ni bmcnb21iZQ== na mtu yeyote analifungua bila ufunguo. Ya pili: usiitie kwenye anwani ya wavuti kama ilivyo, maana + hugeuka nafasi na picha inafika imevunjika. Kwenye anwani tumia ile aina yenye kistari na mstari wa chini.

Jumatatu, 26 Mei

Majaribio. Nimeandaa majina magumu na kuyapitisha milango yote, kwenda na kurudi, kisha kulinganisha baiti kwa baiti: Ng'ang'a, Mwang'ombe, duka lenye & katikati, jina lenye nafasi mbili, majina ya daftari la Kibokoni, na moja la kubuni lenye %27 halisi ndani yake. Hilo la mwisho lilianguka kwenye ukurasa wa stakabadhi. Palikuwa na ufunguaji wa pili uliojificha humo. Nimeuondoa. Jaribio la saa kumi limepita lote.

Saa kumi na moja nimemtumia mama ujumbe mmoja tu, wa kujaribu. Alikuwa chini, kwenye meza yake ya nazi, nikamwona kutoka dirishani akiinua simu, akaisogeza mbali na macho, akaisogeza karibu. Akampa kijana wa jirani amsomee, ingawa kusoma ajua. Yule kijana akasoma kwa sauti. Mama akamwambia arudie.

Jumamosi, 31 Mei

Mkutano. Nilikaa kwenye meza ya pembeni na orodha ya kila mwenye "ng" kwenye jina, na kila mmoja akaja akanitamkia. Nilijifunza kutowaonyesha maandishi kwanza, kwa sababu mtu akiona kadi yake ya zamani husema "hivyo hivyo tu, yatosha". Nikimwambia alitamke, nasikia. Mzee mmoja alitamka la kwake, nikaandika na ritifaa, nikamgeuzia kioo. Akaniambia hilo la nduguye, la kwake halina. Nikafuta, nikaandika tena.

Wamebaki ambao hawakufika, wengi wao wa Mtwapa. Nitawafuata Jumanne, nikipata gari la asubuhi.